Jumatano: Kikombe cha Mama Mjamzito

Soma Waamuzi 13:2–14. Mke wa Manoa aliagizwa ajihadhari na nini, na kwa ajili ya nani?

Kabla Samsoni hajazaliwa, malaika wa Bwana alizungumza habari za kikombe na sahani ya mama yake. Manoa naye hakujitungia sheria ya nyumbani. Aliomba afundishwe (fungu la 8).

Leo dada mjamzito huambiwa kliniki kwamba ana kisukari cha ujauzito. Anaacha sukari, anatia katika chai kidonge cha kiongeza utamu bandia. Mshiriki mmoja anamwambia kwamba anamuua mtoto. Mwingine anamwambia anywe apendavyo, maana hiyo si sukari. Wote wawili wamejibu kabla ya kusikia (Mithali 18:13), na dada huyo anarudi nyumbani na hofu au na uzembe.

Aspatami hutumika sana katika soda zisizo na sukari. Mwaka 2023 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ilithibitisha kikomo cha miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni miligramu 2,400. Lakini mama mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria haimfai, kwa sababu ndani yake mna fenilalanini, ambayo mwili wake hushindwa kuiondoa, nayo ikizidi hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Sakarini hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kwa hiyo wajawazito wengi hushauriwa waiache. Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu hivi ili kupunguza uzito, isipokuwa ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari.

Basi kiasi ni tunda la Roho (Wagalatia 5:23), katika kunywa na katika kusema pia. Mama asome maandishi ya pakiti, amwulize mkunga au daktari anayejua hali yake, na azoeze ulimi wake maji na chai isiyo tamu sana.

Jadilini: Dada kama huyu akiketi katika darasa lenu Sabato hii, atasikia nini kwanza: hukumu, au swali la mtu anayetaka kumsaidia?