Kicheko kilioni

Je, ni halali kucheka wakati maiti ingali ndani? Mjapani Juzo Itami alikutana na swali hilo nyumbani kwake, alipofiwa na baba mkwe. Mwaka 1984, akiwa mwigizaji aliyekwisha kupita miaka 50, aliandika na kuongoza Ososhiki, filamu ya vichekesho kuhusu siku tatu za msiba. Wafiwa hawajui taratibu, hivyo wanaketi mbele ya video kujifunza namna ya kupokea rambirambi. Kasisi wa Kibudha anafika ndani ya Rolls-Royce. Aliyeigiza binti mfiwa ni Nobuko Miyamoto, mke wa Itami mwenyewe na binti wa marehemu yule. Wajapani waliipa filamu hiyo tuzo yao kuu.

Jambo la kuangaliwa hapo ni nani aliyecheka: wenye msiba.

Dini zimelishughulikia swali hili muda mrefu, wala hazikukubaliana. Yohane Krisostomo, askofu wa karne ya nne, aliwakumbusha waumini kwamba Injili haimwonyeshi Kristo akicheka popote. Karne nyingi baadaye Thomas wa Akwino alifundisha kwamba asiye na mzaha hata kidogo, na anayewanyima wengine furaha, ana kasoro ya tabia. Kitabu cha Mhubiri kinakipa kicheko wakati wake kama kilio kinavyopewa wake. Sura ya An-Najm katika Kurani nayo inarudisha vyote viwili kwa Mungu mmoja.

Hata hivyo, wote hao wanauliza kama kicheko kinafaa, au kinafaa lini. Wazee wa eneo la Rutshuru, mashariki mwa Kongo, na jirani zake waliuliza swali jingine: nani ana haki ya kuchekesha?

Mpaka uliokubaliwa na Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza mwaka 1910 uliitenga Bwisha, sehemu ya Rutshuru, na Rwanda, lakini haukuzikata koo. Abasinga, Abazigaba na Abagesera wapo pande zote mbili. Katika mila ya Rwanda koo hizo ndizo zilizotoa abase, watu walioitwa kubariki mahali pa kujenga nyumba na kuwatakasa waliofiwa. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Jim Freedman alichapisha utafiti wake juu ya Wakiga wa kaskazini mwa Rwanda, akaonyesha kwamba utani baina ya koo ulikwenda pamoja na huduma hizo za kimila. Anayekutania ndiye pia anayekutumikia.

Tanzania nako ni hivyo. Mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, au kuzuia jeneza mpaka alipwe, na hakuna anayekasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe, anayechota maji na anayesimamia shughuli wakati wafiwa hawana nguvu. Haki yake ya kuchekesha imefungwa kwenye wajibu wake wa kuzika. Mgeni akitamka maneno yaleyale, ametukana.

Kwa kipimo hicho, Krisostomo hakukosea alipoogopa kicheko. Kiko kicheko cha asiyeguswa, na wenye bunduki wanakijua vizuri. Novemba 2008, mjini Kiwanja, huko Rutshuru, watu wapatao 150 waliuawa kwa siku chache. Yeyote aliyecheka juu ya maiti zile bila kubeba hata moja alizidisha uovu. Kicheko cha mtani ni tofauti kabisa, maana mikono yake ina udongo wa kaburi lile.

Vita vimeuharibu utaratibu huu kwa namna isiyosemwa sana. Kundi la waasi la M23 lilipoiteka Rutshuru na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, maelfu walikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Familia iliyofiwa chini ya turubai iliweza kumpata mchungaji, padri au imamu wa kuombea maiti, na hilo lilikuwa jema. Lakini majirani waliojuana kwa koo walikuwa wametawanyika: mmoja Uganda, mwingine kambi nyingine, wa tatu alibaki kijijini. Hapo kilio kilikosa mtu mwenye ruhusa ya kuwarudisha wafiwa kwenye uhai. Mashirika yanapohesabu mahema na magunia ya unga, hayamhesabu. Viongozi wa dini wanaoongoza mazishi ya waliokimbia vita wana uwezo wa kuuliza, kabla ya sala, kama kuna mtani wa familia hii aliyefika, na kumpa nafasi asimame.