MABAKI YA MAFURIKO NI AMANA

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Tarehe 14 Aprili 2024, siku chache baada ya Idi ya Fitri, ubavu wa mlima Kawetere ulioloweshwa na mvua nyingi uliporomoka juu ya Itezi, katika mji wa Mbeya, na matope yakafukia nyumba za watu na majengo ya shule. Na kabla ya hapo, mwaka 2016, mafuriko yaliingia katika vijiji vya bonde la Pawaga, mkoa wa Iringa. Watu wa pwani wakipata khabari kama hizi huwaombea ndugu zao wa bara, kisha hurejea katika shughuli zao. Dua ni jambo jema. Walakini iko kazi ambayo dua peke yake haiiondoi shingoni mwa watu, nayo ni kazi ya mabaki.

Maji yakishapungua huacha miti, mawe, mabati, matofali, vyombo, mizoga na matope. Mwenye haraka huyaita yote taka. Mengine akayachoma, mengine akayasukumia mtoni. Naye hukosa mara tatu.

Kosa la kwanza ni katika mali ya watu. Mafuriko hayahamishi milki. Bati lililochukuliwa na maji lina mwenyewe, na sanduku lililofukiwa huenda ndani yake mna akiba ya mjane au hati ya kiwanja cha yatima. Sharia imeamuru kitu chenye thamani kilichookotwa kitangazwe mwaka mzima. Basi itakuwaje kitu ambacho mwenyewe yu hai, amesimama juu ya kifusi akilia? Haifai kuondoa kifusi kabla wenyewe hawajaitwa, na vilivyopatikana havijawekwa mahali pamoja na kuandikwa. Na ikiwa chini yake yuko maiti, hufukuliwa kwa upole, kwani heshima ya mwanadamu haikatiki kwa kufa kwake.

Kosa la pili ni israfu. Mawe na matofali mazima hujenga msingi mpya. Yaliyovunjika hujazia mashimo ya barabara. Mbao nzima huwa boriti, na bati hunyooshwa likaezeka tena. Maskini aliyepoteza nyumba hutupiwa vifaa vyake mbele ya macho yake, kisha huambiwa akanunue vipya dukani. Huo si usafi, bali ni msiba wa pili.

Kosa la tatu ni kudhuru. Betri, mafuta na dawa za mashamba hutengwa, zisichanganywe na matope yatakayorudi shambani. Plastiki haichomwi, kwani moshi wake ni sumu. Vigae vya zamani vya asibesto havivunjwi wala havikwanguliwi; hulowanishwa maji na kukabidhiwa wenye ujuzi, maana vumbi lake huharibu mapafu. Mizoga huzikwa mbali na visima.

Na anayedhani hayo ni ya watu wa bara tu, na aufuate mto. Maji ya Pawaga huingia Ruaha Mkuu pamoja na maji ya Usangu yatokayo Mbeya. Hupita Mtera na Kidatu, huingia Rufiji, na Rufiji hufungua midomo yake baharini kuelekea Mafia. Kitupwacho juu huja kumdhuru mvuvi aliye chini.

Yuko asemaye, "Haya ni kadari." Ni kweli, lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Naye alihesabu kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa ni tawi la imani. Ikiwa mwiba mmoja una thawabu, je, kijiji kizima kilichozibwa na kifusi?

Kazi hii ni fardhi kifaya: wakiitenda baadhi ya watu wengine huokoka, na wakiiacha wote huwa na dhambi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka vijijini na mitaani; basi watu wa msikiti waingie humo kabla ya masika, wajue jembe liko kwa nani, na mabaki yatawekwa wapi. Anayengoja mlima uporomoke ndipo atafute koleo amekwisha chelewa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofukiwa, awape subira waliosalia, na awajaalie Waislamu kuwa waaminifu juu ya mali za wenziwao. Amin.