CHAWA SI AIBU, TUWATIBU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaibiya, Mtume (s.a.w.) alimwona Kaab bin Ujra (r.a.) akiwa katika ihramu, chawa wanamwangukia usoni. Hakumcheka wala hakumfukuza. Alimuuliza kama wanamuudhi, akamruhusu kunyoa na kutoa fidia. Hapo iliteremka aya ya 196 ya Suratul Baqara.

Basi wewe mzazi wa Kabongo, mtoto akijikuna kichwa usimpige wala usimfiche. Mtazame nyuma ya masikio na kisogoni. Mayai yaliyonata kwenye nywele, yasiyopukutika kama mba, ni ya chawa. Mnyoe, au lowesha nywele umchane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kila siku 3 au 4, kwa wiki 2 au zaidi, maana mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Kagua nyumba nzima. Usimpake petroli wala dawa ya shamba: ni sumu.

Chawa wa mwili ni hatari zaidi. Hukaa kwenye mishono ya nguo, nao hueneza tifusi (si tifoide). Jirani zetu wa Burundi, mwaka 1996 na 1997, waliugua kwa maelfu makambini. Chemsha nguo, piga pasi mishono. Homa kali, maumivu ya kichwa na vipele: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtoto mwenye chawa asifukuzwe madrasa, atibiwe. Huo ndio mwendo wa Mtume wetu.

Allah atutakase, nje na ndani. Amin.