Siri ya Mzazi ni ya Nani?

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Msemo huu humwinua mlezi, na ni haki yake. Lakini aghalabu hutumiwa kumfunga mdomo aliyelelewa: akiulizia habari za mama aliyemzaa, huambiwa hana shukrani. Kana kwamba moyo wa mwanadamu ni mizani ya dukani, upande mmoja ukipanda wa pili sharti ushuke.

Hebu tuulize: mtoto anapomtamani mama ambaye hata sura yake haikumbuki, anatamani nini hasa? Si maziwa, wakati wake umepita. Si malezi, ameshalelewa, na pengine vyema kuliko angalilelewa kwa mzaziwe. Anatafuta jawabu la neno moja: kwa nini? Na jawabu hilo halimo kinywani mwa mlezi, hata awe mkarimu vipi.

Mfano ulio wazi uko mbali na kwetu, katika mji wa Roscrea nchini Ayalandi. Mwaka 1952 Philomena Lee, msichana asiye na mume, alijifungua mtoto wa kiume katika nyumba ya watawa iitwayo Sean Ross Abbey. Akamwita Anthony. Alikaa naye humo zaidi ya miaka mitatu, huku akifanya kazi ya kufua nguo, hadi Disemba 1955 mtoto alipochukuliwa na kupelekwa Marekani kwa familia iliyomuasili. Huko akaitwa Michael Hess. Alisoma sheria, akapanda hadi kuwa mwanasheria mkuu wa kamati ya taifa ya chama cha Republican. Elimu na cheo hakuvikosa. Hata hivyo alirudi Roscrea, wala si mara moja, kumuulizia mamake. Naye mama, aliyekuwa akiishi Uingereza, alirudi pale pale kumuulizia mwanawe. Wote wawili waliondoka mikono mitupu. Michael alifariki mwaka 1995 kwa maradhi ya UKIMWI, na kama alivyoomba, akazikwa katika viwanja vya nyumba ile ile, ili mamake siku akija apaone. Mama alikuja, akalikuta jiwe.

Wako watakaosema siri ya mama iheshimiwe. Ni kweli. Mwanamke aliyezaa katika aibu ya zama zake, kisha akaolewa na kupata wengine wasiojua lolote, si vyema kugongewa mlango kwa ghafla. Philomena mwenyewe alikaa kimya takriban miaka 50 kabla ya kuwaeleza watoto aliowazaa baadaye. Lakini kimya kile kilikuwa chake. Alikuwa na uwezo wa kukivunja, na akakivunja. Kimya cha mwenye ufunguo wa kabati la madaftari ni kitu kingine kabisa. Huyo si mwenye siri, ni mshika amana, na mwenye amana huulizwa: mwanao amekuja, nimwambieje? Pale Roscrea swali hili halikuulizwa, ilhali jawabu lilikuwa tayari pande zote mbili.

Watu wa mwambao hawatalishangaa jambo hili. Sura ya Al-Ahzab, katika aya ya 5, yaamrisha mtoto wa kulea aitwe kwa jina la babake mzazi, na hivyo aliyekulia kwa shangazi au kwa jirani hakui bila ya kuujua ubini wake. (Aya imetaja baba, naam, lakini hekima yake haimwachi mama nje ya mlango.)

Ayalandi ilichelewa. Ni mwaka 2022 tu ndipo sheria ilipompa kila mtu mzima aliyeasiliwa haki ya kupewa cheti chake cha kuzaliwa. Mzazi asiyetaka kukutana na mwanawe huweza kuandikisha hivyo. Mtoto huelezwa, kisha hupewa cheti chake. Lau angalikuwa hai, Michael mwaka huo angalitimiza miaka 70.