Kushuka Chini Polepole

Alfajiri, jua halijachomoza upande wa Burundi, wavuvi wanarudi Kalundu, hapa Uvira, na ndagala, taa zikizimwa moja baada ya nyingine. Saa hiyo mimi nimekaa mchangani, miguu nimeinyoosha mbele, nangoja magoti yangu yakubali kuwa kumekucha.

Jirani yangu, mzee Mwislamu aliyeshona nyavu maisha yake yote, hutandika mkeka nyuma ya mtumbwi, akielekea kule mto Ruzizi unakoingia ziwani. Sala tano za siku zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida mbili. Mara 34 kwa siku mwili wake unaitafuta ardhi: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, vidole vya miguu yote miwili. Mgonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, na yeye alisali kwenye kiti miezi kadhaa. Siku moja akaniambia, "Mama, kiti hakina kosa. Lakini nimeikumbuka harufu ya mkeka."

Ndipo akaanza kujinyoosha. Kine, kama tunavyomwita huku mtaalamu wa viungo, alimwagiza atembee kidogo kwanza, mwili upate joto. Kisha akae, anyooshe mguu mmoja, ainame mpaka ahisi nyuma ya paja panavuta, abaki hapo nusu dakika, na kwa umri wake hata dakika nzima. Asijirushe-rushe. Kuvuta ni sawa. Maumivu makali ni mwili unakataa, na anayekataa asikilizwe. Nilimkuta akihesabu kwa tasbihi, punje moja kwa pumzi moja. Vidole vya miguu alivikunja mchangani kimoja kimoja, kucha nene, ngozi imepasuka kwa maji ya miaka, na kile cha mwisho kilikuwa kinatetemeka.

Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Linakula kutoka kwenye ute wa kiungo, na mwendo ndio unaolilisha vizuri: likibanwa linakamuliwa, likiachiwa linafyonza. Nikilifikiria hilo, nalitazama ziwa. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, lakini ukishuka kupita mita 200 hivi hakuna oksijeni wala samaki, maana maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Uhai wote tunaoula hapa Uvira unakaa katika maji yanayosogezwa na upepo.

Nami nilifundishwa kwamba utulivu mbele za Mungu ni kutosogea. Kanisani nilipiga magoti kwa nguvu, meno nimeyauma, nikidhani maumivu ni sadaka. Na tangu mto Mulongwe uvunje kingo zake Aprili 2020, ukabeba nyumba na watu, mabega yangu yalikuwa yamepanda karibu na masikio. Nililala nayo hivyo, niliomba nayo hivyo. Nilimlilia Mungu anifungue kwa usiku mmoja.

Msuli ukivutwa ghafla hujikaza, kwa kujilinda. Ukivutwa taratibu, pumzi ikitoka, hufika mahali ukalegea wenyewe, na wewe hujui ni sekunde ya ngapi. Sidhani roho imeumbwa na fundi mwingine. Siku hizi nikiomba siulazimishi moyo ulegee. Naufikisha pale unapoanza kuvuta, nabaki nao hapo, nahema. Kesho nitarudi.

Leo upepo wa kusini umeamka mapema, mitumbwi inagongana. Nimeshika ncha za vidole vya mguu, pumzi ya kumi na moja. Goti la mzee limelia nyuma ya mtumbwi, kisha kimya. Paji lake limefika kwenye mkeka, na hajainuka bado.