Mjane Anayeuliza Mwili Uko Wapi



Mtu akiuawa, sisi wakristo tunajua kazi ya siku za kilio: kuimba, kuomba, kuleta unga na makala. Kisha tunawaambia wenye kufiwa: sameheni, mwachieni Mungu. Leo tunataka kulipima neno hilo, maana linatoka kinywani upesi sana.

Tukumbuke mambo ya Kinshasa. Tarehe 1 Juni 2010 Floribert Chebeya, mkubwa wa shirika la kutetea haki za watu, La Voix des Sans Voix, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi. Akaenda pamoja na Fidèle Bazana, aliyeendesha gari. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari. Bazana hakuonekana. Jamaa moja ikazika. Ya pili haikuwa na cha kuzika.

Tribinali ya kijeshi ikahukumu mwaka 2011, na baadhi ya waliohukumiwa kifo walikuwa wamekwisha kukimbia. Mwaka 2015, katika rufani, adhabu ya ofisa mmoja ikashushwa kutoka kifo hadi miaka 15. Kesi ikafunguliwa tena, na Mei 2022 ofisa mwingine akahukumiwa kifo. Hesabuni: ni karibu miaka 12. Hiyo ni shule nzima ya mtoto, sita ya primeri na sita ya segondari.

Sasa mke wa Bazana tumwambie asamehe nini? Asiyekuwa na kaburi, kilio chake hakiishi. Mlango ukibishwa usiku, moyo unaruka: labda ni yeye.

Wengine wanasema kwamba kwenda tribinali ni kutafuta kisasi. Hapana. Kisasi kinataka damu. Mjane anataka neno: nani, kwa nini, na mwili uko wapi. Hata hukumu ya kifo haimpi neno hilo (na mtu akisha kunyongwa, nani atamwuliza alizika wapi?).

Someni habari za Rispa katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 21. Wanawe waliuawa, naye akakaa juu ya mwamba tangu mavuno mpaka mvua, akifukuza ndege na wanyama. Hakumwua mtu. Alikaa tu, mpaka habari zikamfikia mfalme Daudi, na mifupa ikazikwa. Biblia haimwiti mwenye moyo mgumu.

Lakini kwetu, mara nyingi wazee wanapatana nyumbani: mbuzi, faranga kidogo, karatasi inatiwa sahihi, na mama hakuulizwa kitu. Halafu tunaita hiyo msamaha! Msamaha ni wake yeye aliyeumizwa. Hakuna mzee wala shemasi anayeweza kuutoa mahali pake, wala kumpangia siku.

Basi, mashemasi wenzetu, sanduku la wajane lisifungwe kilio kikiisha. Nauli ya kwenda tribinali ni sadaka pia, na mjane anahitaji mtu wa kukaa naye kwenye benchi siku ile kesi inapoahirishwa tena.