Je, Kunyonyesha ni Wajibu wa Mama Peke Yake?

Watu wengi husema kwamba mama asiyemnyonyesha mwanawe hana upendo. Mimi nami nalisema hivyo, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Leo nataka tuulizane: Je, lawama hiyo ni ya haki?

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hospitali. Mara alipozaliwa alichukuliwa, akalazwa katika chumba kingine, akanyweshwa maji ya sukari kwa chupa, na mama yake akaambiwa apumzike. Siku ya pili alipoletwa, alilikataa ziwa. Hakutokea mtu wa kukaa na mke wangu na kumwonyesha namna ya kumpakata. Basi tukanunua maziwa ya kopo, nami nikamwambia mke wangu maneno ambayo leo nayaonea haya.

Mtoto wa pili alizaliwa mahali pengine. Mkunga alimweka kifuani pa mama kabla ya saa moja kupita, akamwelekeza mama kwa upole, naye akarudi usiku kutazama. Mtoto akanyonya. Mama alikuwa yule yule, na upendo wake ule ule; kilichozidi ni msaada.

Labda mtu atasema, "Mbuzi hunyonyesha bila kufundishwa, kwa nini binadamu afundishwe?" Ni kweli, lakini wafugaji wajua kwamba hata mbuzi, akitengwa na mwanawe tangu kuzaa, aweza kumkataa. Maziwa huja kwa kunyonywa: mtoto anyonyapo zaidi, ndivyo yaongezekavyo, apewapo chupa badala ya ziwa, ndivyo yapunguavyo. Na yale ya kwanza, yaitwayo dang'a, ni machache lakini yana kinga kubwa. Mama asiyeambiwa hayo huona uchache wake akadhani hana maziwa.

Jambo hili lilipimwa katika nchi ya Belarus, kuanzia mwaka 1996. Hospitali zilipigiwa kura: wauguzi wa baadhi yake wakafundishwa kuwasaidia wazazi, na nyingine zikaendelea na desturi zao. Akina mama zaidi ya 17,000 walihesabiwa, na wote walikuwa wameanza kunyonyesha. Watoto walipofikia miezi 3, katika kila akina mama 100 waliosaidiwa, 43 walikuwa wakiwapa watoto maziwa ya mama tu. Kwa wale wengine walikuwa 6 tu. Je, tutasema kwamba kura iligawa upendo? Hasha! Iligawa msaada. Nao watoto wa wale waliosaidiwa waliugua kuhara kwa uchache zaidi.

Lakini tuangalie tusigeuze msaada kuwa fimbo. Wako akina mama ambao kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine hawawezi kunyonyesha. Muuguzi anayewakaripia hawasaidii, bali huwaongezea huzuni. Msaada wa kweli husikiliza kwanza, kisha huonyesha; na palipo na udhaifu, hautoi hukumu.

Kwa hiyo naona hivi: haifai kumdai mtu wajibu ambao sisi wenyewe tumemnyima njia ya kuutimiza. Mwenye kumpa mtu shamba bila jembe, kisha akamwita mvivu, ndiye mwenye kosa. Kunyonyesha ni kazi ya mama, lakini kumwezesha ni kazi ya mkunga, na ya mume, na ya mama mkwe, na ya majirani wanaopita na maneno yao mlangoni.

Nami nimekwisha kumwomba radhi mke wangu. Alinijibu kwa kucheka, akasema, "Baba, siku ile ungaliniletea uji tu, ingalitosha." Basi, ndugu zangu, tukienda kumwona mzazi, tuchukue uji, na lawama tuziache nyumbani. Wazee walisema kweli: mkono mmoja haulei mwana.